Nusu Mkate na Kiti Kifupi

Sogeeni, wanangu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kupima kwa kijiko na sitaki kuitumia kurudia maneno. Mwanangu wa kwanza, fundi bomba, keti upande wa dirishani. Binti yangu, mkunga, keti upande wa mlangoni. Na kama mmeona kwamba nimewaweka mbali mbali, mmeona sawasawa, kwa sababu ndivyo mlivyoingia, mmoja kupitia mlango wa mtaani na mwingine kupitia uani, baada ya kila mmoja kusimama nje akingoja mwenziwe atangulie. Macho yamekwisha kuniaga, lakini masikio bado yako kazini. Wewe mjukuu wangu, mwokaji, simama papo hapo karibu na meza uulinde mkate wako, kwa kuwa kazi ya ulinzi unaijua kuliko sisi sote. Nanyi ndugu wa nyumba hii mlioketi juu ya mbao zangu, msijitikise sana. Mbao hizo nimezinyoosha kwa muda mrefu, na zina kazi ambayo nitaitaja kwa zamu yake.

Jirani yangu mchonga milango naye yumo. Nimemtambua kwa harufu ya vanishi. Yeye si wa imani yetu, alikuja kunijulia hali tu, akakuta wosia. Na abaki. Wosia unaosikiwa na watoto peke yao ni mzigo uliofungwa kwa kamba moja. Kwa ajili yake nitaeleza mambo ambayo ninyi wengine mnadhani mnayajua, nanyi mtanivumilia, kwa kuwa mtu aweza kuishi na jambo miaka mingi asitambue kwamba hajawahi kuelezwa.

Naanza na mali, kwa sababu mali ndiyo nyepesi. Vyumba viwili vya juu ni vyenu wawili, kila mmoja chake, na ngazi ni moja, haigawanyiki, mtapishana. Karakana hii, ambamo nimehamishia kitanda changu tangu magoti yalipoikataa ngazi, iendelee kuwa mahali pa kukutania ndugu, na kodi yake ni kufagiwa. Randa, misumeno, patasi na jiliwa la kubania mbao viende kwa jirani mchonga milango, ambaye amekuwa akiviazima bila kuvirudisha, ili kuanzia leo awe mtu mwaminifu kwa nguvu ya wosia. Usicheke, jirani, nimekutakasa bure. Fedha sidai wala sidaiwi; deni nililo nalo ni la aina nyingine, nalo lina zamu yake. Saa ya ukutani apewe mkwe wangu, mke wa fundi bomba, ambaye ndiye peke yake katika ukoo huu anayefika mahali kwa wakati. Vitu viwili tu nimeviacha nje ya mgawo: kiti kifupi kile kilicho kando ya dirisha, na beseni la bati lililo juu yake. Hivyo navyo vina zamu yao.

Sasa nieleze sisi ni nani, kwa mpangilio. Karne kadhaa zilizopita, katika nchi za baridi, palikuwa na watu waliosema kwamba mtoto mchanga hawezi kuahidi kitu, na kwa hiyo ubatizo ni wa mtu mzima anayejua analolisema. Wakabatizana upya wakiwa watu wazima, wakakataa upanga, wakakataa kiapo, wakaitwa Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili, na wengi wao walizamishwa mitoni na wenye mamlaka, ambao waliona kuwa wapenda maji wapewe maji. Sisi si wajukuu wao kwa damu. Sisi ni watu ambao habari ile iliwafikia kwa mkono baada ya mkono, tukaona ni ya kweli, tukaishika. Hatuna askofu, hatuna ofisi, hatuna muhuri wala jengo lenye mnara. Tuna nyumba: hii yetu, ile ya ng'ambo ya mto, kwa mshona viatu, ile ya stesheni, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, ile ya kilimani, kwa mwalimu mstaafu, na nyingine mbele ya hizo ambazo mimi sikuwahi kuzitia machoni.

Kinachoziunga nyumba hizi ni nusu mkate. Siku ya meza ya Bwana tunakaa pamoja, tunatawadhana miguu kama yeye alivyowatawadha wanafunzi wake, kisha mkate mmoja unamegwa katikati. Nusu tunaila sisi. Nusu ya pili inafungwa kwa kitambaa safi, anakabidhiwa fundi baiskeli, naye anaipeleka nyumba inayofuata. Huko wanaimega pamoja na mkate wao, na nusu ya mkate wao inakwenda mbele, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mnyororo, kama mwisho upo. Sharti ni moja. Nyumba yenye watu wawili wasiopatana haimegi, na isipomega haina cha kupeleka. Kwa hiyo mtu wa ng'ambo akipokea kitambaa chenye nusu mkate mkavu, hahitaji salamu nyingine. Amekwisha kuambiwa kwamba huku ulikotoka watu wamesameheana. Nani aliyeianzisha desturi hii sijui. Nilipouliza ujanani niliambiwa ni ya zamani, na mimi kama mtu niliyesoma sheria sikuridhika na jibu hilo, lakini sikupata jingine.

Naam, nilisoma sheria chuo kikuu, na ndiyo sababu mtaa mzima unaniita Hakimu. Wengine wanadhani ni utani juu ya upara wangu. Ukweli ni kwamba niliteuliwa, nikashonewa joho, na siku ya kuapishwa nikasema kwamba nitasema kweli na kutenda haki kila siku, lakini kuapa siapi, kwa kuwa anayeapa leo anakiri kwamba jana hakuwa na lazima ya kusema kweli. Msajili alinitazama kama mtu aliyeambiwa na mteja kwamba anataka supu isiyo na maji. Akaniuliza kwa upole kama naumwa. Kisha wakaniruhusu kurudi nyumbani, na joho likarudi kwa fundi cherehani. Nikajifunza useremala kwa mjomba wangu. Silisimulii jambo hili kwa majuto wala kwa majivuno. Nalisimulia ili lijulikane kwamba kuna kiti kirefu ambacho nilikikataa, na kiti kifupi ambacho nilikitengeneza.

Kiti hicho nilikitengeneza kwa kipimo cha goti la mama yenu. Hakina mikono wala mgongo, na urefu wake ni wa kumwezesha aliyepiga magoti kuufikia mguu wa aliyeketi bila kuunyanyua juu. Mguu wake wa nyuma hulia mtu anapokaa. Niliupaka gundi, nikaupigia kabari, ukanyamaza wiki moja, ukaanza tena. Nilipotaka kuung'oa niuweke mwingine, mama yenu alinikataza. Alisema kiti kinachotangaza mtu amekaa ni kiti kinachojua kazi yake.

Na mama yenu alijua kukaa. Mnamkumbuka akipika, akifua, akiwasahihisha hesabu. Mimi namkumbuka katika jambo moja ambalo sijaona mwenzake. Alipogombana na mtu, na aligombana na watu wengi, maana ulimi wake ulikuwa kama patasi mpya, hakwenda kuomba kumwosha miguu. Alifanya kinyume. Alikwenda mlangoni kwa yule mgomvi wake, akaketi kizingitini, akavua viatu, akanyoosha miguu yenye vumbi la njia nzima, akasema maneno mawili tu: "Nimeleta miguu." Kisha akangoja. Mgomvi wake angeweza kufoka, kufunga mlango, kuita majirani. Wengine walifanya hivyo. Lakini mtu mwenye miguu michafu ameketi mlangoni pako, hana silaha, hana hoja, hana hata viatu, utamfanya nini? Mwishowe ilibidi maji yaletwe. Mke wa muuza mkaa alimwacha pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, akatoka na birika huku akilia kwa hasira, akamwambia, "Wewe mwanamke una kiburi." Mama yenu akamjibu, "Ninacho, shoga yangu. Anza na mguu wa kushoto, ndio wenye kiburi zaidi."

Nililifikiria sana jambo lile. Anayeosha hutoa maji na nguvu za mikono, na watu humwona, na humsifu. Anayeoshwa hutoa mguu wake, wenye ukucha uliopasuka na kisigino kilichochanika, akauweka mkononi mwa mtu aliyemkosea, na hana la kufanya ila kutulia. Hapo hakuna sifa. Ndiyo maana mabeseni hayakosi wa kuyabeba, na kiti hukaa kitupu.

Sasa nakuja kwenu, wanangu, na nitafuata mfuatano bila kuongeza chumvi.

Jambo la kwanza, mjukuu wangu huyu aliyesimama hapa, mzaliwa wa kwanza wa mkunga, alibatizwa akiwa mtu mzima, kwa kinywa chake, akaahidi hatashika silaha. Baadaye kazi ziliadimika, akaajiriwa kulinda ghala, akapewa bunduki. Akaendewa na mtu mmoja faraghani, kisha na wawili, kisha akaitwa mbele ya nyumba nzima, kama tulivyofundishwa. Akasema tumbo halilindwi kwa nyimbo. Nyumba ikamtenga na meza mpaka atakapoiweka chini.

Pili, mwanangu fundi bomba ndiye aliyekuwa mtumishi wa nyumba, yaani mwongozaji wetu, na alikuwa ameipata kazi hiyo kwa kura, kama desturi yetu ilivyo: vitabu vya nyimbo vikapangwa mezani, kimoja kikawa na kipande cha karatasi ndani, na alichokiokota yeye ndicho kilichokuwa nacho. Hakuiomba kazi. Na mtu ambaye hakuiomba kazi mara nyingi huifanya kwa ukali, akiogopa kudhaniwa kwamba anaipenda. Sisi wengine tuliposema kutengwa ni kutengwa na meza ya Bwana, yeye alisema ni kutengwa na kila meza.

Tatu, mkwe wangu, mume wa mkunga, alifariki. Tukarudi kutoka makaburini, chakula kikaandaliwa nyumbani kwa mjane, na mjukuu wangu aliketi mezani kwa sababu aliyezikwa alikuwa baba yake. Fundi bomba akainuka na sahani yake, akatoka, akala amesimama uani kwenye bomba la maji, mgongo ukiwa umeelekezwa dirishani.  Binti yangu alimwona kupitia dirisha lile, na hadi leo, anapolitaja jambo lile, halitaji kwa kulia. Hulitaja kwa kueleza jinsi mgongo ule ulivyokuwa, na jinsi shati lilivyokuwa limetoka kwenye mkanda.

Nne, mkunga huyu ndiye aliyewapokea watoto wote wa ukoo huu. Mikono yake ndiyo ya kwanza kuwagusa. Imekuwa hivyo kiasi kwamba wajukuu zangu wanadhani ndiyo sheria ya nchi. Mke wa fundi bomba aliposhikwa na uchungu wa mtoto wao wa mwisho, aliitwa. Hakuja. Alimtuma mwenzake wa zahanati, mwanamke hodari, na mtoto akazaliwa salama salimini. Lakini mkwe wangu aliniambia kwamba muda wote ule alikuwa akiutazama mlango.

Basi, hayo ndiyo makosa, na kila mmoja wenu analijua lake kuliko mimi. Tano ni jambo ambalo lingepaswa kuyamaliza. Alasiri moja mtu alisimama kwenye lango la lile ghala, akaingiza mkono ndani ya koti, na mjukuu wangu akamwelekezea bunduki. Mtu yule akatoa mkono taratibu; ulikuwa umeshika miwani. Alitaka kusoma kibao. Akabaki mikono juu, miwani ikining'inia, na mjukuu wangu akageuka akakisoma kibao kwa niaba yake. Kilikuwa kimeandikwa "Karibuni". Kabla ya jua kuzama aliirudisha bunduki ofisini, akatembea kwa miguu hadi hapa, na siku ya meza iliyofuata, mjomba wake, fundi bomba huyu huyu, alimtawadha miguu mbele yetu sote. Walilia wote wawili, kisha wakacheka, kwa sababu soksi za mlinzi zilikuwa na tundu. Siku hizi anaoka mikate, na ninamsikia akipiga mluzi.

Sababu ya ugomvi ikaondoka hivyo. Ugomvi wenyewe ukabaki, kama msumari unaobaki ukutani picha ikiisha kuondolewa.

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini, kwa maana jambo linalofuata lisingetokea kwa watu wengine wowote. Watu wengine hukwama kwa sababu hakuna anayetaka kujishusha. Ninyi mmekwama kwa sababu mnashindana kujishusha. Kwa desturi, wanaume hutawadhana wao kwa wao na wanawake wao kwa wao, lakini waliogombana hutangulia, na hapo haitazamwi nani ni nani. Siku ile ile ya meza, baada ya zile soksi, fundi bomba aliingia na beseni lake, maji ya vuguvugu, taulo begani. Mkunga akaingia kwa mlango wa pili na beseni lake, maji ya vuguvugu, taulo begani. Kiti kilikuwa katikati, kitupu. Nilikuwa bado naona kidogo wakati ule, na niliwaona mkisimama kama wauzaji wawili waliokutana kwenye soko lisilo na mnunuzi.

"Keti, dada," ukasema wewe, mwanangu.

"Keti wewe, kaka."

"Mimi ndiye niliyekosa. Niache nikuoshe."

"Hata kukosa," binti yangu akasema, "unataka uwe wa kwanza."

Ndugu wakatazama sakafu. Maji yakapoa. Mkate ukarudi kabatini haujamegwa.

Mara iliyofuata fundi bomba alikuja mapema ili awahi kupiga magoti, akamkuta dada yake amekwisha kupiga magoti kando ya kiti, nguo imelowa magotini. Mara iliyofuata tena, mtu mmoja mwenye nia njema alileta kiti cha pili ili muoshane kwa wakati mmoja. Lakini mtu hawezi kuketi na kupiga magoti kwa wakati mmoja, na katika kulijaribu jambo hilo mligongana vichwa. Watu wote walicheka isipokuwa wenye vichwa. Mwingine akapendekeza kura, na fundi bomba akasema yeye kura imekwisha kumtosha. Nyote wawili mnaishi kwa kupiga magoti, mmoja chini ya masinki ya watu na mwingine mbele ya wanawake wanaojifungua, na ilinijia akilini kwamba huenda mnapiga magoti kwa kuwa ndiyo namna pekee mnayoijua ya kuwa na kazi.

Mlipokuwa mkishindana, mnyororo ulifanya nini? Fundi baiskeli alikuja hapa na kitambaa chake kilichofuliwa, akauliza kama mkate haujaiva. Nikamwambia mkate umeiva, watu ndio bado wabichi. Akacheka, akapanda baiskeli, akaenda ng'ambo mikono mitupu. Alikuja tena. Mara ya tatu hakuuliza; alichungulia, akaona kiti kitupu, akaaga. Nyumba ya stesheni ilichoka kungoja. Walioka mkate wao, wakaula wote, hawakupeleka nusu kwa mtu, na siku hizi wana kibao chao mlangoni na hawaulizi habari zetu. Siwalaumu. Wa ng'ambo, kwa mshona viatu, walituma neno kwamba watangoja. Na yule mwalimu mstaafu wa kilimani, aliyekuwa mgonjwa, alingoja pia. Kila siku ya meza alivaa koti lake, akaketi akiutazama mlango, na wanawe walipomwambia angalau wamege mkate wa pale nyumbani, alisema mkate usiotoka kwa waliopatana ni ngano tu. Alizikwa na koti lile. Hakuionja meza tena.

Hilo ndilo deni nililosema ni la aina nyingine. Halilipwi kwa kuuza karakana.

Najua mnachokingoja. Mmeingia humu mkitumaini kwamba Hakimu, kabla hajafumba macho, atatoa hukumu: kosa la nani lilikuwa kubwa, nani aliyetangulia, na kwa hiyo nani aoshe na nani aoshwe. Fundi bomba amekwisha kuniletea hoja zake, kwa mpangilio mzuri. Mkunga ameniletea zake, na kwa kweli zilikuwa fupi zaidi. Nimezisikiliza. Sihukumu. Nilikataa kukaa kwenye kiti kile kirefu nikiwa na meno yote. Sitakipanda leo nikiwa kitandani.

Badala yake nasema hivi. Kiti kifupi ni cha atakayekaa. Beseni la bati ni la atakayebaki amesimama. Huo ndio mgawo wangu wa mwisho, na sikutaja jina kwa sababu silijui. Ikiwa hakuna atakayekaa, jirani mchonga milango avichukue vyote viwili, akalitumie beseni kuchanganyia gundi, na ninyi ndugu mwende stesheni mkaombe nafasi katika nyumba yenye kibao.

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Kuhusu mazishi, ni haya. Nivalisheni shati la kazi, lililofuliwa. Asisimame mtu kuvitaja vyeo vyangu, kwa maana nilikuwa na kimoja na sikukipokea. Imbeni, lakini mwenye sauti ya kupaa asiongoze. Jeneza msinunue, mbao mlizokalia ndizo zake. Ndiyo sababu niliwaomba msijitikise. Sasa mnaruka kana kwamba zina moto. Kaeni, kaeni, nimezinyoosha mimi mwenyewe, na bado sijalala ndani yake. Jirani atazipiga misumari, maana vyombo sasa ni vyake, na kila fundi huonja chombo kipya kwa kazi ya kwanza.

Mjukuu wangu, mkate uko chini ya kitambaa? Usiufunue bado. Birika liko juu ya jiko, nalisikia likianza kunong'ona. Umeweka vizuri.

Kwa wajukuu wadogo watakaouliza: msiwabatize mpaka watakapouliza wenyewe, na wakiuliza msiwaharakishe. Wakisema hapana, pikeni chakula kingi kama mngewapikia waliosema ndiyo, na mketi nao mezani. Mwanangu, hilo ni la kwako. Binti yangu, la kwako ni hili: ukiitwa na mwanamke mwenye uchungu, nenda, hata akiwa mke wa yule uliyemwona mgongo. Hapo nimewapa sawa. Msipime.

Nimechoka sasa. Pumzi... inakuja kwa zamu, kama watu kwenye ngazi.

Kuna jambo moja nilitaka kulifanya kwa utaratibu. Viatu vya fundi bomba ni vizito, na vya mkunga ni vya mpira. Nikisikia kimoja kinavuliwa nitajua ni cha nani. Sitaki kujua. Mjukuu wangu, nivutie blanketi hili lifunike masikio. Hivyo. Juu kidogo. Nitanyamaza, nanyi mfanye mtakalofanya, na asiwepo mtu wa kumwambia mwingine keti.

...

Bado nasikia mtaani mtu anapiga bati. Hilo haliniambii kitu.

...

Hapo.

Nimekisikia. Blanketi halikufaa kitu. Mguu ule wa nyuma unalia kama alivyotaka mwenyewe, mama yenu. Msiniambie ni nani. Kaa hivyo hivyo, mwanangu, wewe uliyekaa, yeyote uwaye. Usiuvute mguu. Naye mwenye beseni asiseme neno. Maji yanatosha kusema.

Mwokaji, funua mkate sasa. Umege katikati, usikate kwa kisu. Nusu muile... nami mnitilie chembe mdomoni. Nusu ifungeni vizuri, kitambaa mara mbili, barabara ina vumbi. Mwiteni fundi baiskeli. Apitie ng'ambo, kisha kilimani, wana wa mwalimu wapo... kisha stesheni pia. Hata kama wana kibao. Agonge tu.

Na Mungu aliyeinama awainamie ninyi. Amani kwa aliyeketi. Amani kwa aliyepiga magoti. Amani kwa nyumba ambazo sikuziona. Mlale na kuamka... pamoja.

Ongezeni ya moto kidogo, wanangu. Maji yasipoe.